Ua la Kiazi Juu ya Tangi

Sehemu ya Tisa

Haya, rudini karibu. Najua mlikasirika. Juzi sokoni Karatina mama mmoja alinishika mkono wa koti akaniuliza ni ubinadamu gani huu, kumwacha mzee wa watu amepiga magoti stooni, kitambaa cha mkewe mkononi, mkewe mwenyewe anabisha mlangoni, halafu nimwambie msomaji asubiri siku saba. Nilimwomba msamaha. Leo sichelewi.

Mlango ulibishwa mara ya pili.

"Baba Sophie! Si uko hapo ndani?"

Mwalimu Moffat alikuwa ndani kweli. Mwalimu huyu, kwa wale waliopanda leo, amefundisha hesabu na jiografia katika shule ya msingi hapa Othaya miaka thelathini na minne, akastaafu mwaka jana, na katika miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Sasa swali lilimkuta akitafuta pa kuficha kitambaa.

Mbele yake palisimama pikipiki. Ilikuwa ndogo, cc mia na hamsini, ya umbo lile la mashindano, mgongo juu na kichwa chini. Aliinunua Mweiga kwa mkulima wa viazi, maganda yake ya plastiki yamepasuka na kiti kimeliwa na panya. Wiki tano nzima alikuwa akiitengeneza kwa siri humu stooni katikati ya magunia ya mahindi. Sponji ya godoro kuukuu la binti yake Sophie ikawa kiti kipya. Yale maganda akayashona kwa waya wa moto. Bomba la moshi akalisugua kwa majivu na ndimu mpaka akajiona meno ndani yake.

Na tangi, jamani! Alikuwa na makopo mawili tu ya rangi ya kupuliza, nyeusi na ya fedha, na stika za dukani zilikuwa ghali. Basi akachukua kitambaa cha kochi, kile cha kufumwa kwa uzi, akakitandaza juu ya tangi jeusi, akapuliza ile fedha juu yake. Alipokifunua, ua lilibaki pale. Petali nane, kila moja na vitundu vyake, vimekaa sawasawa kama vilivyofumwa. Mwalimu alikaribia kutoa machozi kwa uzuri wake.

Shida ni kwamba kitambaa chenyewe, kilichokuwa cheupe asubuhi, kilikuwa sasa na rangi ya sufuria mpya. Na hakikuwa kitambaa hivi hivi. Kilikuwa kile kikubwa cha mkewe Kagure, cha ua la kiazi, alichokibuni mwenyewe akiwa msichana kwao Mweiga, akitazama shamba la baba yake likichanua. Othaya nzima hakuna mwanamke mwingine anayeweza kukifuma. Wenzake wa chama cha akina mama huja, wakahesabu vitundu kwa kidole, wakarudi makwao wakakosea.

"Baba Sophie, nitaingia!"

"Nakuja! Kuna panya!"

Hapo mzee akawa na mikono sita. Turubai juu ya pikipiki. Gunia juu ya turubai. Kitambaa, rangi mbichi na yote, ndani ya shati, kikamganda tumboni.

Akageuka, akaona ukuta. Mwalimu ni mwalimu: alikuwa ameandika ukutani kwa chaki kazi zote zilizobaki, moja mpaka saba, herufi nzuri za ubao. Ya saba ilikuwa nati ya gurudumu la nyuma. Alikuwa amelitoa gurudumu lile kuweka sproketi ya cheni yenye meno mengi, ya kupandia milima, na akalirudisha huku rangi ikikauka. Nati aliizungusha kwa vidole tu. Spana ingefuata.

Akaufuta ukuta kwa mkono wa sweta, mara mbili, kikabaki kiwingu cheupe. Akafungua mlango.

Kagure alisimama pale na kikapu chake, miwani puani. Alivuta hewa.

"Nini inanuka hivi?"

"Dawa ya panya."

"Hiyo dawa itakuua wewe kabla ya panya." Akatazama ndani, akaona magunia, akaona kiwingu ukutani. "Nimerudi mapema, mwenyekiti ako na homa. Sasa niambie, umeona kitambaa yangu kubwa? Ile ya ua ya kiazi? Nimetafuta kwa kochi, kwa meza, kwa kamba ya nguo."

Tumbo la Mwalimu lilikuwa linawasha kwa rangi.

Kwa nini asiseme ukweli? Nitawaambia, maana wengine mnamwona mwoga. Miaka thelathini na mbili iliyopita, Mwalimu akiwa kijana, aliazima pikipiki ya mwalimu mkuu, akaanguka nayo kona ya kushuka mtoni, akalala hospitalini wiki sita mguu umening'inizwa. Kagure alikuwa na mimba ya Sophie. Alikuja wodini na Biblia, akauweka mkono wa mumewe juu yake, akamwapisha: hutapanda pikipiki tena, maisha yako yote. Moffat akaapa. Na kiapo hicho alikitunza mpaka ile siku aliyokwenda Mweiga kutafuta mbegu za viazi.

Basi mdomo ulifunguka wenyewe.

"Ndama," alisema.

"Ndama amefanya nini?"

"Ndama amekula kitambaa."

Kagure alimtazama mumewe. Akaenda mpaka zizini, akamtazama ndama. Ndama naye akamtazama, anatafuna nyasi zake, hana habari na kesi.

"Amekula yote?"

"Yote. Nilimkuta ikiwa imebaki kamba moja hapa mdomoni. Nikavuta, ikaingia."

"Haiya! Kitambaa ya mita moja na nusu!"

"Ni ndama mlafi, Mama Sophie."

Kagure aliweka kikapu chini polepole. Alikuwa mwanamke wa kufikiri kabla ya kusema, na Mwalimu aliogopa sana alipomwona anafikiri.

"Sawa," akasema. "Pamba haiozi kwa tumbo siku moja. Itatoka tu. Na wewe ndio utaitafuta."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeyote aliyesema hivyo hakutaja kwamba njia yenyewe hupitia kwenye kinyesi. Kesho yake asubuhi, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, aliyewahi kupewa cheti cha mwalimu bora wa wilaya, alikuwa zizini amevaa buti za mpira, jembe mkononi, anapekua alichoangusha ndama. Alijua hakuna kitu. Ilimbidi apekue kwa makini vilevile, kwa sababu Kagure alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua tano hivi, anafuma.

"Hapo kushoto hujaangalia."

"Nimeangalia."

"Angalia tena. Ulikuwa unaambia watoto wa shule warudie kazi, si ndiyo?"

Akarudia kazi.

Kagure alikuwa anafuma kitambaa kingine, cha ua lilelile, kutoka kichwani, bila mfano. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi ya mwezi wa saba, na kila mstari wa nne alisimama kuvipuliza. Mwalimu aliviona. Alisikia aibu kali, ile inayomfanya mtu aone masikio yake ni makubwa.

"Si lazima umalize wiki hii," akajaribu.

"Ni lazima. Jumamosi chama imepewa meza Nyeri, pale uwanjani, tuuze vitambaa. Watiri mwenyekiti amesema niweke hiyo kubwa mbele, ndiyo itaita watu. Na watu watakuwa wengi ajabu, kuna wale wazee wa mapikipiki wanakutana hapo hapo, ati wanazunguka mlima."

Jembe lilimtoka Mwalimu mkononi.

Jumamosi, uwanjani Nyeri, wazee wa mapikipiki. Hao ndio aliokuwa akienda kwao! Kikosi cha Dedan, mwenye gereji, mwanafunzi wake wa zamani, chenye masharti matatu tu: pikipiki iwe ndogo na ya mitumba, mwenyewe awe ameitengeneza nyumbani kwa mikono yake, na asiwe ametumia zaidi ya elfu ishirini. Atakayepita ukaguzi anauzunguka Mlima Kenya pamoja nao, Nanyuki, Meru, Embu, Kerugoya, kurudi Nyeri. Anayeanguka ukaguzi anasukuma pikipiki yake kwenda nyumbani, na wenzake wanampigia honi.

"Mbona umeangusha jembe?"

"Linateleza."

Wakati huo pikipiki ya muuza mikate ilipita barabarani, ikipanda mlima kwa kelele. Kagure hakuinua hata kichwa.

"Huyo cheni yake imelegea," akasema, sindano inaenda. "Itamtoka hapo kwa kona."

Haikupita dakika. Kutoka kwenye kona kukasikika mlio wa chuma, kisha kijana wa mikate akimtaja mama wa mtu. Mwalimu angeweza kumuuliza mkewe amejuaje. Lakini alikuwa na mengi kichwani na mengine kwenye buti, akaacha ipite.

Mnamkumbuka Dedan? Alikuwa darasa la sita, akichora pikipiki nyuma ya daftari la hesabu. Mwalimu Moffat alilirarua lile daftari mbele ya darasa lote. Leo Dedan ana gereji yenye mafundi saba.

Alhamisi, baada ya asubuhi ya tatu ya kupekua, Kagure akiwa kwenye kituo cha chai, Mwalimu aliingia stooni. Akaondoa gunia, akaondoa turubai, ua la kiazi likamtazama. Akachukua chaki. Orodha ilikuwa imefutika lakini kichwa chake kilikuwa kizima, au ndivyo alivyoamini, akaiandika upya ukutani kutoka kumbukumbu. Moja, breki ya mbele. Mbili, taa. Tatu, kebo ya klachi. Nne, upepo wa tairi. Tano, oili ya cheni. Sita, kioo cha kushoto.

Akafanya kazi mpaka saa kumi, akiimba besi ya wimbo wa kanisani. Kila alipomaliza moja aliweka tiki. Mwisho akarudi nyuma, mikono kiunoni, akasahihisha: sita juu ya sita. Akajipa alama zote.

Mwalimu wa hesabu huyo, miaka thelathini na minne. Wewe msomaji, ulikuwa unahesabu?

Jumamosi Kagure aliondoka na wenzake kukiwa bado na ukungu. Kitambaa kipya alikuwa amekimaliza jana yake jioni, cheupe, kikubwa, petali nane. Alikikunja ndani ya karatasi. Mlangoni alimgeukia mumewe.

"Leo unafanya nini, Baba Sophie?"

"Nitapumzika."

"Pumzika vizuri," akasema, akamtengeneza kola, akaenda zake.

Ile kola ilimuuma. Alisimama pale muda, nusu ya moyo ikimwambia airudishe pikipiki Mweiga. Nusu nyingine ilikuwa imeshika helmeti. Mnajua ni ipi iliyoshinda, la sivyo nisingekuwa na kazi.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Meza za akina mama ziko upande wa juu wa uwanja, pikipiki upande wa chini. Ataingia kwa geti la chini, akaguliwe upesi, saa nne kamili wawe Kiganjo. Saa kumi na mbili jioni amesharudi, amepumzika.

Alisafiri polepole, kilomita baada ya kilomita, sponji ya Sophie chini yake, mashamba ya chai yakiteremka pande zote mbili. Moyo wake ulicheka. Sina neno jingine la kuliweka hapo. Kilima kile kirefu alikipanda kwa gia ya pili bila pikipiki kukohoa, akapiga kelele ndani ya helmeti mpaka miwani ikaingia ukungu.

Dedan alimpokea na ubao wa karatasi na kalamu nyekundu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, kitambi mbele, uso wa kuchekacheka.

"Mwalimu! Siamini. Simama hapo. Mikono nyuma."

Wenzake wakacheka. Mwalimu akaweka mikono nyuma.

"Umetumia pesa ngapi?"

"Elfu kumi na nane, mia tatu na hamsini. Niko na risiti."

"Najua uko na risiti, wewe ungekosa risiti?" Dedan akazunguka pikipiki mara moja. Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Unakumbuka ile daftari yangu?"

"Nakumbuka."

"Ulisema ati pikipiki haitawahi kunilisha." Akajipiga kitambi. "Ona vile imenilisha."

Wenzake wakacheka tena, lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa amelibeba neno hili tangu siku ya kwanza alipoiwasha ile pikipiki na kuisikia ikinguruma.

"Nilikosea, Dedan," akasema. "Nilikuwa kijana, niko na fimbo, nikafikiri fimbo ni akili. Zile picha zilikuwa nzuri. Nilizitazama kabla sijazirarua."

Dedan alikuna shingo kwa ile kalamu nyekundu.

"Haya basi," akasema hatimaye. "Tuone kazi ya mtoto."

Akaanza mbele, kama fundi yeyote mwenye adabu. Taa, tiki. Breki ya mbele, tiki. Kebo ya klachi, akaivuta na kuiachilia, tiki. Akainuka kuangalia tangi, na hapo ukaguzi ukasimama. Aliinama, akavua miwani ya jua, akapiga mluzi.

"Wasee, kujeni! Mwalimu, hii design umetoa wapi? Hii ni noma!"

"Ni... kazi ya mikono tu."

"Zi, hii si kazi ya mikono, hii ni art. Kujeni muone!"

Wakaja. Wazee kumi na tano na vitambi vyao na jaketi zao za ngozi, wakalizunguka tangi, simu juu, picha hapa, picha pale. Mwalimu alikuwa anasema asante, asante, tafadhali punguzeni sauti. Lakini watu wakikusanyika mahali Nyeri, Nyeri nzima inataka kujua ni nini kinagawanywa. Wa kwanza kupenyeza kichwa alikuwa Watiri, mwenyekiti wa chama, homa imekwisha, bahasha ya chapati mkononi.

Aliona tangi. Akaweka kidole kwenye ua, akaanza kuhesabu vitundu. Midomo ilikuwa inatembea. Alipofika petali ya nane akapiga kelele iliyosikika mpaka stendi.

"Hii ni kitambaa ya Mama Sophie!" Akainua macho, akamwona mwenye helmeti. "Mwarimu! Si urisema kitambaa irikuriwa na ndama?"

Siku za mwizi ni arobaini. Za Mwalimu hazikufika hata kumi.

Kundi lilifunguka katikati kama linavyofunguka kanisani bibi harusi akiingia. Kagure alikuja amebeba kile kitambaa kipya mkononi, hatua zake zilezile za kila siku. Alisimama mbele ya pikipiki. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

Akakunjua kitambaa, akakiweka juu ya tangi taratibu. Akakisogeza kidogo kushoto. Petali ikakaa juu ya petali, kitundu juu ya kitundu.

"Ndama," akasema.

"Ndama," Mwalimu akakubali.

"Siku tatu nimekukalisha kwa kinyesi nikingoja useme ukweli. Siku tatu! Nikasema ataona aibu, atasema. Kumbe wewe unapekua tu."

"Ulijua?"

"Baba Sophie, sisi tunaoga kwa beseni moja. Umekuwa na ua la fedha kwa tumbo tangu Jumatatu."

Wazee wa jaketi za ngozi walitazama viatu vyao. Mmoja aliuma glavu yake ili asicheke.

Mwalimu alivua helmeti. Alitaka kusema mambo mengi kwa mpangilio, utangulizi, kiini na hitimisho, lakini yalitoka yote pamoja.

"Nilikuapia, na nimevunja, na kitambaa nimeharibu, na nimesingizia mnyama. Sina utetezi. Lakini, Mama Sophie, nimefundisha huu mlima miaka thelathini na minne. Nimeuchora ubaoni mpaka naweza kuuchora nimefumba macho. Naambia watoto Meru iko hapa, Embu iko hapa, na mimi sijawahi kupita Nanyuki. Tangu nistaafu natumwa chumvi, natumwa kiberiti. Nilitaka kuuzunguka mara moja tu, kabla magoti hayajakataa."

Watiri alishusha bahasha ya chapati, akapangusa jicho.

Kagure alinyoosha mkono.

"Lete funguo."

Alizitoa. Angefanya nini? Aliona kwa macho ya moyo funguo zikiruka na kuzama Mto Chania, akasema acha ziende, amestahili.

Kagure hakurusha kitu. Alikunja kitambaa chake, akampa Watiri amshikie. Akatoa leso kichwani, akaifunga kiunoni juu ya sketi, kwa fundo la mtu anayekwenda shambani. Akachukua helmeti kutoka mikononi mwa Mwalimu, akaivaa. Akapandisha mguu.

"Mama Sophie, unafanya nini?"

"Nani aliapa?"

"Mimi."

"Mkono wa nani ulikuwa kwa Biblia?"

"Wangu."

"Sasa mimi sikuapa." Akafunga kamba ya helmeti chini ya kidevu. "Kule Mweiga baba yangu alikuwa anapeleka maziwa kwa pikipiki. Na siku akiwa ameonja pombe, unafikiri nani alikuwa anapeleka? Miaka thelathini na tatu ya ndoa na hujawahi kuniuliza."

Akageuza funguo. Mashine ikaitikia mara ya kwanza, yeye akaipa mafuta kidogo, akaisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anavyosikiliza mtoto mwenye kikohozi.

"Umeitengeneza vizuri," akasema. "Nitaijaribu mpaka Kiganjo. Nikirudi, ndio nitaamua kama utazunguka mlima ama utarudi kwa ndama."

Klachi, gia, na huyo! Alipita katikati ya meza za vitambaa, akina mama wakipiga vigelegele, leso ikipepea nyuma, akainama kwenye geti mahali hasa pa kuinama, akaingia barabara kuu bila kuyumba. Wazee wa jaketi za ngozi walipiga makofi. Dedan aliweka ubao wake chini ili apige makofi kwa mikono yote miwili.

Na Mwalimu? Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kichwa wazi, machozi yanamtoka, na anacheka. Aliona aibu, aliona fahari, na alimpenda yule mwanamke kuliko siku ya harusi yao. Alijiambia akirudi atamuuliza yote: maziwa, pikipiki, baba yake, kila kitu ambacho hakuwahi kuuliza.

"Mwalimu," Dedan aliita.

Alikuwa amechuchumaa pale pikipiki ilipokuwa imesimama. Aliinuka polepole, kitu chenye oili katikati ya vidole vyake viwili. Uso wa kuchekacheka haukuwa unacheka tena.

"Nilikuwa sijafika nyuma," akasema. "Hii nati ni ya wapi?"

Mwalimu Moffat aliitazama. Ilikuwa kubwa, mpya, haina hata alama moja ya spana. Akauona ukuta wa stoo, kiwingu cha chaki, na herufi zake nzuri za ubao. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Saba.

Alianza kukimbia kabla hajajua anakimbia. Mbali, kwenye mteremko wa kwenda Kiganjo, walimsikia Kagure akibadilisha gia, kwa ustadi, bila kukwaruza, akaingia ya nne.